Shafti Mbili za Gari Moja

Asubuhi ile niliondoka Jorodom kwa sababu kazi ilikuwa imeisha. Nilikuwa nafyatua matofali kwa mtu aliyekuwa akijenga upya chini ya mlima, na matofali yalipotimia alinipa chai na kiazi kitamu, akanitakia safari njema bila kuniuliza safari ya wapi. Angeniuliza ningeshindwa kumjibu. Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita. Nikisikia mahali pana kitu sijakiona, miguu inaanza kuwasha, na hata nisiposikia chochote inawasha vilevile.

Mlima Hanang ulikuwa wazi hadi kileleni. Kwenye makovu ambako tope liliporomoka na kufagia nyumba, majani yalikuwa yameshaanza kuota. Nilisimama kwenye lami nikatazama upande wa Singida, kisha upande wa Babati. Upepo ulikuwa unatoka Singida na umebeba vumbi, basi nikaupa mgongo. Hiyo ndiyo sababu nzima iliyonipeleka kijiji cha Mogitu. Nilitembea mpaka jua likaanza kuuma shingoni, halafu trekta lililobeba alizeti likanisogeza hadi kwenye njia panda ya kijiji hicho, pale barabara ya vumbi inapoachana na lami kwenda Basotu na Haydom.

Nilikuwa nakung'uta maganda ya alizeti kwenye suruali niliposikia gari. Lilikuwa gari dogo la familia, la Kijapani, la zamani, rangi yake nyeupe imegeuka kuwa ya vumbi kabisa. Lilitoka kijijini taratibu, likafika kwenye lami, likakata kona. Lilipokata kona likalia: ka-ka-ka-ka-ka.

Sauti hiyo naijua. Babati niliwahi kukaa gereji moja kwa msimu mzima nikiosha spea kwa petroli, na katika spea zote nilizoosha, iliyonishangaza kuliko zote ilikuwa jointi ya shafti. Shafti ni ule mtaimbo unaotoka kwenye gia boksi na kwenda kuzungusha gurudumu la mbele. Mwisho wake kuna kombe la chuma, ndani ya kombe kuna gololi zinazokimbia kwenye mifereji yake, na ni hizo gololi zinazoliwezesha gurudumu kugeuka kushoto na kulia huku bado linazungushwa. Mtu aliyewaza kitu kile aliwaza bega la binadamu. Grisi ikiisha humo ndani, gololi zinatafuna mifereji, na ukikata kona unasikia meno.

Nikapunga mkono. Gari likasimama. Aliyekuwa anaendesha ni mama wa makamo, amefunga kitambaa kichwani na amevaa sweta la kijani lililopauka. Kiti cha pembeni yake alikaa bibi mzee sana, blanketi mabegani, fimbo katikati ya magoti, macho yote mawili yamefunikwa na weupe.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

"Marahaba," wakaitika wote wawili, na yule mama akaongeza, "Gari haibebi watu, kijana. Tunakwenda hospitali."

"Sitafuti lifti, mama. Jointi ya kushoto inakufa. Haitafika mbali."

Kabla mama hajajibu, bibi akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Na ya kulia inaanza," akasema.

Nilimwambia mama alizungushe gari tena, safari hii akate kulia. Chini ya kelele ya kushoto, ukisikiliza kwa makini, ilikuwepo nyingine ndogo, kama mtu anayesaga karanga chumba cha pili. Bibi alikuwa ameisikia akiwa kwenye kiti, injini ikinguruma, na watoto wa njia panda wakipiga kelele.

Mama alizima gari akashika usukani kwa mikono miwili. Aliniangalia, akaiangalia barabara ya Haydom, kisha akashuka na kunivuta nyuma ya gari ili bibi asisikie. Ilikuwa kazi bure, kwa sababu bibi alikuwa anasikia kila kitu.

"Kesho asubuhi madaktari wa macho wanaandikisha wagonjwa Haydom," akaniambia. "Wametoka mbali, na wakimaliza wanaondoka. Huyu mama yangu, mara ya kwanza alikataa kabisa. Mara ya pili nilimbembeleza akapanda basi. Basi likapasukiwa tairi kabla ya Basotu. Akashuka, akasema hiyo ni jibu, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Haoni, lakini anarudi! Ikabidi nimshike mkono turudi wote. Sasa amekubali mara moja ya mwisho, na amekubali gari yangu tu."

"Ikisimama njiani, mambo ya macho basi," bibi akasema kutoka ndani ya gari. "Mwambie hiyo pia."

"Amesikia, mama."

Tukageuza kwenda mjini Katesh kutafuta fundi, mimi nikiwa kiti cha nyuma na begi langu mapajani. Mama aliendesha kama mtu aliyebeba mayai, akikata kona kwa upana wa barabara nzima ili gololi zisilie. Mshale wa spidi ulikuwa unafanya kazi, ila tarakimu za kilomita zilikuwa zimegoma. Nilipomuuliza gari limetembea kiasi gani alisema lilipofika kwake lilikuwa limeshachoka kuhesabu, na yeye ameongeza miaka yote ya kupeleka maziwa Katesh kila siku isipokuwa Jumapili.

Fundi tuliyemkuta alikuwa mnene na mcheshi, na gereji yake ilikuwa pia duka. Upande mmoja kulikuwa na rafu zenye spea mpya kwenye maboksi, upande wa pili magari yaliyokatwa, mengi ya aina ileile ya gari la mama, maana yako mengi sana huku. Fundi alisikiliza kona moja tu akatikisa kichwa.

"Bibi ashuke akae kivulini, tupandishe jeki."

"Nikishuka hapa nimeshukia nyumbani," bibi akasema.

"Bibi, gari itainuka."

"Iinuke. Mimi ni mwepesi."

Fundi alimwangalia mama, mama akaangalia juu. Basi jeki ikaingia, vigogo vikawekwa, gari likapanda puani bibi akiwa ndani, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mnanipeleka mbinguni kabla ya hospitali?" akauliza.

"Bado kidogo, bibi," fundi akajibu akiwa chini. "Huko wanataka barua kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji."

Mimi nilishika karai la kukinga mafuta ya gia boksi. Shafti ya kushoto ilipotoka, mpira unaofunika jointi ulikuwa umepasuka kuzunguka mzima. Ndani hapakuwa na grisi tena, palikuwa na uji wa udongo mwekundu. Fundi aliipindapinda shafti, na kombe likacheza kama jino la mtoto. Ya kulia mpira wake ulikuwa umechanika kidogo, na uji ndani yake ndiyo kwanza unaanza kuiva.

Sasa ikaja kazi ya kuchagua, na hapa ndipo nilipoanza kumwangalia vizuri yule mama.

Fundi alileta boksi jipya. Ndani kulikuwa na jointi inang'aa, na mpira wake, na kifuko chake cha grisi. Mimi nikasema hiyo hiyo, iwekwe kushoto, ile ya kulia ipigwe grisi tuondoke. Nilikuwa nawaza saa. Mama aliichukua jointi mpya, akaketi juu ya tairi, akafumba macho na kuanza kuizungusha taratibu kwa vidole. Mikono yake ilikuwa ya jembe na ya kukamua. Aliizungusha kushoto mpaka mwisho, akairudisha, akaizungusha kulia mpaka mwisho.

"Inakwama hapa," akasema. "Kidogo tu. Hapa."

Fundi akaijaribu, nami nikaijaribu. Mara ya kwanza sikuhisi kitu. Mara ya pili nikahisi, mahali padogo ambapo gololi ilisita kama mtu anayevuka kizingiti.

"Ni mpya, mama. Itajilainisha."

"Itajilainisha wapi? Katikati ya mashamba ya ngano?" Akairudisha kwenye boksi. "Hizi za magari yaliyokatwa, nionyeshe."

Fundi akamletea kadhaa, amezitundika mikononi kama kuku. Mama akamuuliza swali ambalo sijawahi kumsikia mtu akiuliza kwenye duka la spea.

"Hii ilikuwa inalishia wapi?"

Fundi akacheka. "Ilikuwa inafanya nini?"

"Gari ilikokatwa hii. Ilikuwa inatembea wapi? Kwenye mawe? Kwenye lami? Ya nani?"

Wakati fundi anajikuna kichwa, mama alinieleza, huku anaendelea kuzungusha. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume wa umri wa kwenda mnadani, kwa hiyo alikwenda naye yeye, kununua maksai wa kulimia. Wenzao waliangalia pembe na rangi. Baba yake alitaka ng'ombe azungushwe, kwanza kushoto, halafu kulia, na yeye mtoto achuchumae akaangalie magoti. Kisha aende akashike magoti kwa mkono. Kisha baba anauliza ng'ombe amelishia wapi, kwa sababu aliyekulia kwenye mawe ana kwato ngumu lakini magoti yameshaumia, na hayo magoti hayapendezi mwezi wa kulima. Na hakununua mmoja hata siku moja. Alinunua wawili waliokwishavuta pamoja.

"Ukiweka aliyechoka na mwenye nguvu kwenye nira moja," akasema, "mwenye nguvu anamburuza mwenzake, wanaharibika wote. Nataka ya kushoto na ya kulia za gari moja."

"Mama, hii siyo maksai," fundi akasema. "Ya kushoto na ya kulia hata urefu hazilingani."

"Najua siyo maksai. Maksai akichoka analala, unamsubiri. Hii ikichoka, mama yangu anarudi nyumbani."

Nilimpenda pale pale, kwa namna unavyompenda mtu anayefanya kitu vizuri mbele yako. Baadaye nilimuuliza fundi kama ni lazima zitoke gari moja, akasema si lazima. Lakini akasema pia kwamba ukizijua zimetoka gari moja, na gari lenyewe unalijua, unajua zimetembea kiasi kilekile, huna mgeni ndani. Nimefikiri sana habari hiyo tangu siku ile. Watu wengi tunanunua kitu. Yeye alikuwa ananunua maisha ya kitu.

Mama alizikataa zote zilizokuwa mkononi, akaingia mwenyewe katikati ya magari yaliyokatwa. Akasimama mbele ya moja lililopondwa nyuma, pua yake nzima kabisa.

"Hii?"

"Hiyo ilikuwa ya mwalimu wa mjini," fundi akasema. "Lami tu, shule na kanisani. Lori likaigonga nyuma."

"Shafti zake?"

Fundi akaenda kwenye rafu ya juu akashusha shafti ya kushoto iliyofungwa gunia. Mpira mzima, hauna ufa. Mama akafumba macho, akazungusha. Alizungusha kwa muda mrefu. Akanipa na mimi. Nimeshika vitu vingi vya chuma, lakini ile ilizunguka kama kijiko kwenye asali.

"Na ya kulia?"

Fundi akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Ya kulia... ipo."

"Ipo wapi?"

"Inatembea."

Akanyoosha kidevu kuelekea barabarani. Pale lilikuwa limesimama gari lake mwenyewe, aina ileile, limeoshwa, na kitambaa cha maua juu ya dashibodi. Mama alilitazama gari, akamtazama fundi, akaanza kucheka, na fundi naye akacheka kwa aibu.

"Basi ndiyo hiyo ninayoitaka," mama akasema. "Umejichagulia mwenyewe, kwa hiyo ni nzuri."

"Mama, mimi siwezi kuvua suruali yangu nikakuvisha wewe."

"Fundi!" Bibi aliita kutoka hewani. "Njoo hapa."

Fundi akaenda akasimama chini ya dirisha, akainua uso. "Naam, bibi."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko Endasak."

"Anakuona?"

"Ananiona sana, bibi. Ananiona hata nikiwa nimekunywa."

"Bahati yako mbaya." Akatafuta maneno ya Kiswahili. "Mimi huyu wangu, siku ya mwisho kumwona alikuwa na nywele nyeusi. Wanasema sasa ana mvi. Kweli?"

"Ninazo, mama," yule mama akasema.

"Nataka nizione. Nimcheke."

Fundi alibaki ameinua uso vile. Halafu akaenda kwenye gari lake, akatoa kitambaa cha maua akakikunja, na kulisogeza gari chini ya paa la bati. Alipokuwa analegeza nati alisema, kama anayejitetea, kwamba yeye atafunga ile mpya inayokwama, maana hata ikimlalia, atalala nayo karibu na gereji. Nilimheshimu kwa hilo nalo. Alifanya kazi bila kusimama kula cha mchana. Alizifungua zote mbili, akazijaza grisi mpya mpaka ikafurika kwa vidole, akafunga mikanda ya mipira, na mimi nikasugua meno ya kila shafti kwa brashi mpaka yakang'aa. Bibi alishuka chini pamoja na gari, taratibu, jeki ikilia.

"Nimerudi duniani," akasema. "Kunanuka mafuta."

Fundi alidhani kazi imekwisha. Mama akasema bado, ng'ombe hajazungushwa. Akaliendesha gari mpaka kwenye uwanja wa mnada, ambao siku ile haukuwa na mnada, ulikuwa na samadi kavu tu na wafugaji wachache waliokuwa wanasubiri usafiri. Mimi na fundi tulifuata kwa miguu. Mama akakata usukani kushoto mpaka mwisho akazunguka, duara baada ya duara, vumbi likipanda. Kisha kulia.

"Rudia kulia," nilisikia bibi akisema, na dirisha lilikuwa wazi. "Polepole. Sasa kaza mafuta."

Gari likazunguka. Hakuna kilicholia isipokuwa injini yenyewe. Mfugaji mmoja, shuka jeusi begani na fimbo nyuma ya shingo, alikuja kusimama karibu yangu. Alitazama kwa makini kama anayetaka kutoa bei.

"Wairaqw mmeshindwa na ng'ombe, sasa mnachezesha gari," akasema kwa utani wa kabila jirani.

"Huyu alikuwa anachechemea asubuhi," fundi akamwambia.

Mfugaji akachuchumaa kabisa, akaangalia magurudumu yakipita. "Amepona," akasema. "Mbele wote wawili wanakanyaga sawa."

Bibi akatoa mkono dirishani, akaupunga kama askari wa barabarani. Twende.

Mama aliniambia nipande, kama sina ninakokwenda. Sikuwa nako. Kutoka Mogitu barabara ilitandika vumbi na makorongo, na kila korongo lilikuwa kona, na kila kona bibi alikuwa anainamisha kichwa upande wa gurudumu. Hapakuwa na kitu cha kusikia. Tulipoingia nchi ya ngano, mashamba yalifunguka pande zote mpaka yakashikana na mawingu, sijawahi kuona shamba lisilo na mwisho wa kuonekana. Nilikuwa namweleza bibi ninachokiona, naye ananisahihisha, kwa sababu alipita hapo akiwa msichana.

Kabla ya Basotu gari likasimama.

Mama ndiye aliyelisimamisha. Kundi kubwa la ng'ombe lilikuwa linavuka, limejaza barabara kutoka ukingo hadi ukingo, na yeye akazima injini wasishtuke. Lakini ukimya ule ulituingia wote. Niliona mama ameukaza mkono kwenye funguo, hathubutu kugeuka.

"Imesimama?" bibi akauliza.

"Ng'ombe, mama."

"Wengi?"

"Wengi."

Bibi akasikiliza kwato. Kengele moja ilipita karibu kabisa na mlango wake, na harufu ya maziwa na vumbi ikaingia ndani. Ng'ombe mmoja aliegemea gari likayumba. Mimi nilikuwa nimeshika begi langu kama vile ni mimi ninayekwenda kutibiwa macho.

"Kusimamishwa na ng'ombe hakuhesabiwi," bibi akasema mwishowe. "Ng'ombe wana haki ya kupita."

Mama aliachia pumzi niliyoisikia mpaka kiti cha nyuma. Akawasha. Gari likaitika mara ya kwanza, likakata kona kumzunguka ndama wa mwisho, kimya.

Tuliingia Haydom jua likiwa limeinama lakini bado lipo. Sikuwahi kufika. Nilitarajia kijiji chenye zahanati, nikakuta mji mzima ulioota kuizunguka hospitali, maduka, mama ntilie, mabasi yanashusha watu waliofungwa mablanketi na kubebwa migongoni. Nyumba ya kwanza ya wageni ilikuwa imejaa, ya pili pia, wote wamekuja kwa ajili ya macho. Ya tatu mwenyewe alikuwa na chumba kimoja chenye vitanda viwili, na kitanda kimoja katika chumba cha mwanamume aliyekuwa anauguza mke wake wodini. Mama alichukua chumba, mimi nikachukua kitanda.

Bibi alishuka. Magoti yake yalikuwa yameganda, ikabidi tumshike huku na huku, na alisimama kwanza kwenye udongo wa Haydom akiupigapiga kwa fimbo. Mama akamwosha miguu kwenye beseni uani. Tulikula wali na maharage pamoja, na yule mwenzangu wa chumbani akatueleza wodi ziko upande gani.

Kuta za vyumba vile hazikufika hadi kwenye bati. Nilipojinyoosha kitandani niliwasikia upande wa pili wakiongea Kiiraqw, sauti ya mama inapanda, ya bibi inashuka. Kisha bibi akagonga ukuta kwa fimbo.

"Kijana. Wewe unajua kila kitu. Wanatumia kisu au sindano?"

"Sijui, bibi."

"Huyu naye hajui." Kitanda kikalia akijigeuza. "Basi tuamshane mapema. Nataka niwe wa kwanza kuwauliza."